Komwe Sita Pindoni mwa Leso

Komwe ya kwanza niliiba usiku wa kuamkia Ijumaa, mume wangu akiwa msalani.

Sikuwa na tabia hiyo. Lakini asubuhi tatu mfululizo nilikuwa nimemuuliza, "Baba Rukia, jana uliamka mara ngapi?" naye mara zote tatu akanijibu, "Mara moja. Labda mbili, ni ile chai ya usiku." Kichwani mwangu nilikuwa na nne. Ila hesabu ya mwanamke aliye nusu usingizini haisimami mbele ya mwanamume aliyekuwa nahodha miaka thelathini. Nikataka ushahidi unaoshikika. Komwe zake za bao hulala ndani ya kifuko cha kitambaa, kando ya kichwa cha kitanda. Mlango wa uani ulipolia, nikanyoosha mkono, nikatoa moja, nikaifunga pindoni mwa leso. Ulipolia tena, nikatoa ya pili. Kulipokucha nilikuwa na nne.

Nyumba yetu iko Timboni, upande wa Watamu usiopigwa picha na watalii. Vyumba vitatu, ukumbi, na msala uani. Ili ufike msalani lazima ufungue mlango wa bawaba mbili za chuma, na chuma huku kwetu hakina umri. Upepo wa bahari hukila kama mchwa alavyo mbao. Mlango ule ukifunguliwa hulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Zamani ulilia mara moja usiku, mzee anapoamka kutawadha kabla ya Alfajiri. Kisha ukaanza kulia mara mbili, tatu, nne. Na kila safari zake za usiku zilipoongezeka, wizi wangu nao uliongezeka.

Bao lina mashimo 32 na komwe 64. Wanaolicheza hawahitaji kuhesabu, mkono wenyewe hujua. Siku ya tatu nikasikia sauti barazani: "Nani amechezea komwe zangu?" Mjukuu wetu wa miaka saba akaitwa, akaapa, akalia. Nikampa mahamri mawili na sikusema kitu. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Mtu atauliza, kwa nini usimwambie tu mumeo aende hospitali? Anayeuliza hivyo hajaolewa pwani. Huku mambo ya chini ya kitovu cha mwanamume yana milango miwili: utani au kimya. Akiwa barazani na wenzake ni utani wa supu ya pweza. Akiwa nyumbani ni kimya. Rukia, binti yetu, ni muuguzi Mombasa. Nilipotaja kumpigia simu, baba yake aliniangalia kana kwamba nimetaka kumvua kikoi sokoni. "Mtoto wa kike umwambie baba yake anakwenda msalani?" Yakaishia hapo.

Dawa lakini hakuikataa. Dawa aliitafuta kwa bidii ya mtu anayetafuta mali iliyozama. Alichokikataa ni kuulizwa.

Tulianza na mwarobaini, kwa kuwa uko uani na hauna bei. Mti huu wengine huuita mkilifi, jina linalotukumbusha kwetu, na wengine huamini unatibu maradhi arobaini. Mume wangu alihesabu kwamba yake hayawezi kukosa humo. Akachemsha majani usiku, kimyakimya, ndani ya sufuria iliyo karibu zaidi, ambayo ilikuwa yangu ya chai. Asubuhi wakatufikia wageni kutoka Mambrui, shemeji na wakeze wawili. Nikatia maziwa, iliki na sukari kwenye sufuria ile ile iliyosuuzwa kiume, yaani kwa kumwaga tu. Shemeji alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini kwa heshima, akauliza kama nyumbani kuna msiba.

Wiki ya kwanza ya mwarobaini, komwe zilishuka kutoka nne hadi tatu. Mzee akatembea kifua mbele. Wiki ya pili zikarudi nne.

Ikaja zamu ya mbegu za maboga. Mtu wa barazani alimwambia mbegu za boga ndizo dawa ya wazee wa kizungu, na hakudanganya: Ulaya zinauzwa kwa kazi hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba mbegu huja na boga. Kila siku mzee alileta boga zima, akatoa mbegu, na lililobaki likawa langu. Tulikula boga la nazi Jumatatu. Jumanne boga la nazi. Jumatano nikalipika kwa kunde, Alhamisi nikalificha ndani ya wali. Ijumaa mjukuu alitazama sahani akauliza, "Bibi, tumekuwa maskini?" Mbegu zenyewe zilianikwa juu ya jamvi, kuku wakazila nusu, jogoo akanenepa. Ule msimu wa boga, afya iliyoimarika bila shaka nyumbani kwangu ni ya jogoo.

Komwe: tatu wiki ya kwanza. Tano wiki ya tatu.

Hapo ndipo mzee aliposhuku kwamba nahesabu. Hakuniuliza. Siku moja nilimkuta amepiga magoti mlangoni na chupa ya mafuta ya nazi, anazipaka bawaba. "Kelele hizi zinasumbua majirani," akasema. Usiku ule mlango ukanyamaza. Nikabaki na ndara zake: pa, pa, pa kwenye sakafu. Usiku uliofuata akazivua. Akawa anakwenda peku, kwa ncha za vidole, mwanamume mzima na ndevu zake nyeupe, ananyata ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Tukawa wezi wawili chini ya paa moja, yeye akiiba nyayo zake, mimi nikiiba komwe zake. Nikajifunza kusikiliza maji ya ndoo.

Dawa ya tatu ilitoka Malindi, karibu na stendi, kwa mwuzaji mwenye kipaza sauti. Alitaja kiuno, presha, sukari, nguvu za kiume na kukojoa mara kwa mara kwa pumzi moja, na vyote vilikuwa na jibu moja: unga wa magome, rangi ya tumbaku, shilingi 500 kipakti. Alisema ni mti wa mlimani. Vipakti viwili vilipokwisha mzee akapiga hesabu ya nahodha. Kama dawa ni magome, na sisi tuna msitu nyuma ya nyumba, kwa nini nilipe?

Msitu huo ni Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, unaanzia ng'ambo ya barabara ya Mombasa pale Gede. Akaenda na mpwa wake. Huwezi kuingia ukabandua miti upendavyo. Msitu unalindwa, na wanakijiji wa pembezoni wamepata riziki nyingine humo, asali na vipepeo. Mwongoza wageni mmoja aliwasikiliza kwa adabu, kisha akamwambia mzee ukweli. Mti anaoutaja, kama ni ule wenye sifa ya maradhi ya wazee, ni muiri wa Wakikuyu, ambao Wakalenjin huuita tenduet na watu wa Kakamega mwiritsa. Ni mti wa baridi: Mlima Kenya, Mau, Kakamega. Huku pwani haumei.

Mzee angegeuka hapo akaja nyumbani. Lakini ilikuwa ni nusu saa tangu mara ya mwisho. Akaingia nyuma ya kichaka kujisitiri, na kichaka chenyewe kilikuwa cha upupu.

Walioguswa na upupu wanajua. Wasioguswa wamshukuru Mungu. Mpwa wake alimleta kwa bodaboda amesimama, kwa kuwa kukaa hakuwezekani. Nilimpaka jivu na matope mpaka Magharibi, sehemu ninazozijua mimi na Mungu. Katika miaka yetu thelathini na nane ya ndoa, siku hiyo ndiyo pekee aliyoniambia, "Mama Rukia, cheka tu, usijizuie, utaumwa."

Nilicheka mpaka nikalia. Usiku ule komwe zilikuwa tano, na kila moja ilifuatiwa na kujikuna.

Sasa sikilizeni mti ule ulivyotufuata nyumbani. Mpwa wangu mimi ni mtunza bustani kwa mzee wa Kiitaliano mwenye nyumba karibu na ufuo. Watamu na Waitaliano tumeshazoeana. Vijana wetu wengi huongea Kiitaliano kabla ya kukisoma Kiingereza. Siku moja mume wangu alimfuata mpwa kazini, akaomba msala mara mbili ndani ya saa moja. Yule mzee wa Kiitaliano akamtazama, akanyoosha kidole kuelekea mwezi uliokuwa bado angani mchana, akaonyesha vidole vinne, akajigusa kifuani: mimi pia, usiku, mara nne. Jambo ambalo mimi mkewe sikulipata kwa miezi sita, Muitaliano alilipata kwa vidole. Wakapeana mikono kama mabaharia wa jahazi moja, na mume wangu akarudi na chupa ya tembe nusu.

Kwenye chupa kuliandikwa majina mawili. La kwanza Serenoa repens, ambao ni mkindu mfupi wa kusini mashariki mwa Marekani. La pili Pygeum africanum. "Afrikanamu!" mzee akasoma kwa fahari. Mpwa akatafuta kwenye simu, na sote tukanyamaza. Pygeum africanum ni jina la zamani la muiri. Ni mti ule ule uliompeleka kwenye upupu.

Habari yake ni hii. Mwaka 1966 Mfaransa aitwaye Jacques Debat alipata hataza ya dawa ya tezi dume iliyotokana na magome ya mti huo. Ikauzwa Ulaya, na magome yakaanza kusafirishwa kwa matani kutoka Kameruni, Madagaska, na hata Kenya. Mti ukibanduliwa gome pande zote hufa, na wabanduaji wengi hawakuwa na subira ya kuacha upande mmoja. Miti ilikauka kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Kwa hiyo gome la mlimani kwetu Afrika lilivuka bahari, likasagwa, likatiwa ndani ya tembe, likapanda ndege pamoja na Muitaliano, likaja kuwekwa kwenye rafu yangu karibu na kopo la bizari. Mume wangu aliona huo ni muujiza. Mimi niliona ni safari ndefu kwa kitu ambacho hakikupunguza hata komwe moja zaidi ya wiki ya kwanza. Nne, nne, nne, tano, sita.

Angalieni mtindo wa dawa hizi. Kila dawa mpya ilifanya kazi wiki moja. Kila dawa mpya mzee aliisifu. Na kama nisingekuwa na komwe, ningemwamini, maana naye alijiamini.

Kusi likaingia kwa nguvu, na mafua nalo. Mzee akanunua dukani vidonge vya kukausha kamasi, akavimeza juu ya tembe za Muitaliano, juu ya unga wa Malindi uliobaki, juu ya mwarobaini. Usiku huo nilikaa na leso yangu nikisikiliza. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Saa nane, hakuna hata tone la ndoo. Nilianza kushukuru kwamba leo amelala, kisha nikapapasa kitanda. Hayupo.

Nilimkuta uani, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ameshika tumbo, anatokwa na jasho kwenye upepo wa baridi.

"Hakitoki," akasema.

"Hakitoki nini?"

"Kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu Isha."

Nikamgusa chini ya kitovu. Palikuwa pamekaza kama ngozi ya ngoma iliyopashwa moto.

Kijana wa jirani alitoa tuktuk yake. Kutoka Timboni kupitia Gede hadi Malindi ni kilomita zipatazo 20, na sijawahi kujua barabara ile ina matuta mangapi mpaka usiku ule, kwa kuwa kila tuta mume wangu alimwita Mwenyezi Mungu kwa jina tofauti. Baina ya matuta alisema, "Haraka!" Juu ya tuta alisema, "Polepole, mwanangu!" Kijana akawa hajui aendeshe au asome dua.

Hospitalini hawakutuuliza mengi mwanzo. Walimwekea mpira, na mfuko ukajaa: lita moja na zaidi ya robo. Nimemwona mume wangu akirudi kutoka baharini siku za tufani, lakini uso ule wa raha sikuwahi kuuona. Ulikuwa uso wa mtu aliyesamehewa deni mbele ya mdai wake.

Asubuhi daktari, kijana mdogo kuliko Rukia, akavuta kiti. "Mzee, shikamoo. Unasumbuliwa na nini?"

Mume wangu akaanza: mwarobaini, mbegu za maboga, unga, tembe za Italia. Daktari akasubiri mpaka mwisho. "Hizo ni dawa, mzee wangu. Mimi nimeuliza maradhi."

Kimya kikakaa. Na katika kimya kile nilielewa tulivyokuwa tumeishi. Kwa muda wote ule nyumbani kwetu dawa ilikuwa imetangulia maradhi. Tulijua majina manne ya dawa na hatukujua jina moja la ugonjwa.

Akatueleza kwa kuchora. Tezi dume ni kitu kidogo chini ya kibofu, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Umri ukipanda, tezi hukua na kubana njia, kama mpira wa bustani uliokanyagwa. Hutokea kwa karibu nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60, na kwa waliopita 80 ni karibu tisa katika kila kumi. Mara nyingi si saratani, lakini huwezi kujua kwa kukisia, na saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume Kenya. Kuhusu jana usiku, mwarobaini haukuwa na hatia. Vidonge vya mafua vinavyokausha kamasi hukaza pia misuli ya shingo ya kibofu, na mlango uliokuwa umebaki wazi kidogo ukafungwa kabisa.

Kisha akatoa karatasi ya maswali saba, alama sifuri hadi tano kila moja, jumla 35. Ndivyo wanavyopima duniani kote. Swali la mwisho: kwa kawaida unaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo?

"Mara moja," akasema mume wangu. "Labda mbili, ile chai ya..."

Nikafungua pindo la leso juu ya meza. Komwe sita zikamwagika, moja ikabingirika mpaka kwenye kalamu ya daktari.

Mume wangu alizitazama. Akazitambua kama mtu anavyotambua watoto wake. "Kumbe ni wewe!" akasema. "Na mtoto wa watu nimemliza bure!"

Daktari aliandika tano, kwa sababu hapo ndipo swali linapoishia, akacheka hadi akavua miwani.

Rukia alikuja siku hiyo hiyo kutoka Mombasa, na baba yake hakufa kwa aibu. Ndiye aliyenifafanulia yale ya wiki ya kwanza. Mwaka 2006 watafiti Marekani waliwapa wanaume 225 tembe kwa mwaka mzima, nusu yao za ule mkindu, nusu tembe tupu zisizo na kitu, na hakuna aliyeambiwa anameza ipi. Hazikupishana. Mwaka 2011 wakajaribu tena kwa wanaume 369, wakiongeza kipimo hadi mara tatu, na waliomeza tembe tupu walijisikia nafuu sawa na wenzao. Muiri una sifa bora kidogo: tafiti 18 zikijumlishwa, wanaume 1,562, zilionyesha nafuu ya kiasi, lakini nyingi zilikuwa ndogo na fupi. "Mama, mtu akipewa dawa hupata matumaini," Rukia akasema, "na matumaini hulala usingizi vizuri wiki moja. Ndiyo maana wao nao huhesabu."

Nikajiona mtafiti.

Kulikuwa na kipimo cha damu, na kile cha kidole ambacho barazani hutajwa kwa kunong'ona. Mzee alitoka humo akasema neno moja tu: "Yule kijana ana mkono mwepesi." Majibu yalikuwa mema. Akapewa dawa ya kulegeza shingo ya kibofu, mpira ukatolewa baada ya wiki, akaambiwa arudi kila mara kuangaliwa, na asimeze kidonge chochote, cha duka au cha mti, bila kusema. Wifi yangu alipokuja kumjulia hali akaanza, "Wahenga walisema mficha maradhi..." Mzee akamkatiza: "Wahenga nao waliamka mara ngapi?"

Mlango hatukuupaka mafuta tena. Haikupita miezi miwili, bahari ikazirudia bawaba, na paka wetu akaanza kulia upya. Sasa hulia mara moja, siku nyingine mbili. Mzee amevaa ndara zake, pa, pa, pa, hana haja ya kunyata.

Komwe nilizirudisha tano. Barazani wanacheza na 63 na kijiwe kimoja cheupe cha ufuoni. Juzi mgeni alikiokota, akauliza komwe ya asili imepotelea wapi. Mume wangu hakuinua macho kutoka kwenye bao.

"Haijapotea," akasema. "Iko kazini."